Jumamosi zetu za Shangani: mimi, yeye na baiskeli mbili

Naomba nianze kwa kukiri: mimi Mtwara sikutaka kuja. Nilifika Februari 2023, nina miaka 31, nina cheo kipya benki, nina mume anayechekelea kurudi kusini kwao, na nina mimba ya miezi minne. Kitu kimoja tu sikuwa nacho, nacho ni hamu. Mimi mtoto wa Magomeni, Dar. Kwetu mtu akipata uhamisho wa Mtwara anapewa pole kama mfiwa. Ni kasumba ya zamani, ya kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa kule Rufiji mwaka 2003, enzi ambazo abiria wa kusini walikuwa wanalala njiani wakisubiri kivuko na kuomba matope yakauke. Siku hizi unapanda basi Dar alfajiri, usiku uko Mtwara unatafuna pweza. Lakini pole bado zinatolewa tu.

Mwezi wa Machi mimba ikatoka. Sitaieleza zaidi ya hapo, wanaojua wanajua. Nitasema tu kwamba baada ya hapo nyumba yetu ya kupanga pale Shangani, nyumba nzuri, baraza pana, bahari unaisikia usiku, iligeuka kama gesti yenye wapangaji wawili wasiofahamiana. "Umekula?" "Nimekula." "Luku imebaki ngapi?" "Kidogo." Basi, hayo ndiyo mazungumzo ya siku nzima. Moyoni nilikuwa namlaumu kwa kunileta huku. Na niliamini naye ananilaumu kwa kukataa kuacha kazi. Hakuna aliyefungua mdomo. Shoga zangu wa Dar walinishauri kwenye simu kila aina ya ushauri: nimpikie, nimvalie, nimnunie, nimpekue simu. Jamani! Simu nilipekua. Nilikuta picha za mashua na matokeo ya mpira.

Fimbo ya Mfini

Jirani yetu ni mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Babu Dereva. Alikuwa dereva wa Wafini. Wasomaji vijana huenda hamjui, lakini Shangani iliwahi kuwa na Wafini wa kutosha. Walianza kuja miaka ya 1970 na mradi wa maji wa Mtwara na Lindi, kisha ukaja mradi mwingine wa maendeleo vijijini ulioitwa RIPS, ambao ulianza 1988 ukaisha 2005. Walipoondoka waliacha visima, mafundi, na kwa Babu Dereva waliacha fimbo moja ya ajabu. Juu ina mkanda wa ngozi wa kupitisha mkono, chini imechongoka, na karibu na ncha ina kiduara kama kisosi. Mimi nilidhani ni ya kuchokolea pweza.

"Shikamoo babu. Hiyo ni ya uvuvi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hii ni ya theluji. Zilikuwa mbili, moja mke wangu alianikia nguo mpaka ikavunjika."

Ndipo akanipa somo. Bosi wake alimweleza kwamba kule kwao kila mji una njia zinazoingia msituni. Jua likiwaka watu wanapita kwa miguu, wengine kwa baiskeli. Theluji ikianguka, wanavaa mbao ndefu miguuni na kuteleza palepale walipokuwa wanatembea. Giza la huko linaingia mapema sana wakati wa baridi, kwa hiyo njia nyingi zina taa za umeme kabisa. Hakuna kusubiri msimu mzuri.

"Alikuwa ananiambia, kwao mtu na mkewe wakinuniana, mmoja anasema tutoke. Nyie mnakaa barazani kila mmoja na kona yake, mnasubiri basi gani?"

Nilicheka kwa adabu nikaingia ndani. Ila maneno yalinikaa. Usiku nikamkumbuka yule Mkenya, Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji aliyepelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1998 aliingia Olimpiki ya Nagano, Japani, kwenye mbio za kilomita 10. Akamaliza wa mwisho, dakika kama 20 nyuma ya bingwa. Lakini yule bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki pale mwisho wa mbio akimsubiri ili amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina hilo, Dæhlie. Nikawaza, hivi mimi na mume wangu nani anamsubiri nani?

Jumamosi iliyofuata, Juni hiyo, nilivaa raba nikasimama mlangoni. "Natoka kutembea. Unakuja?" Akanitazama kama nimemwalika disko. Akaja.

Kusi linasukuma, kusi linadai

Kwa ambao hamjafika: Shangani ni kipande cha mji wa Mtwara kilichojiegemeza baharini. Una ufukwe wa kuogelea jioni, una nyumba za zamani zenye bustani, na una barabara pana kupita kiasi. Hizo barabara zina kisa chake. Mji huu ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza wakiwa na ndoto ya mradi mkubwa wa karanga. Bandari, reli, mji wa watu wengi. Karanga ziligoma, mradi ukafa 1951, na reli nayo ikaja kung'olewa. Barabara zikabaki na upana wake, gari moja moja, miti pande zote. Kwa mtembea kwa miguu ni raha isiyo na kifani.

Juni mpaka Septemba ni msimu wa kusi. Mvua hakuna, asubuhi kuna kibaridi cha kuvaa sweta jepesi, na upepo unatoka kusini kusini-mashariki kwa nguvu. Kama unaelekea Mikindani, ambako ni kama kilomita 11 hivi, kusi linakusukuma mgongoni unajiona mwanariadha. Wakati wa kurudi linakudai chenji yake yote. Sisi tulianza kidogokidogo: Jumamosi ya kwanza nusu saa, ya pili saa nzima. Ufukweni tulikuwa tunakwenda kwa kufuata bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huku hutoka sana kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na unaweza kutembea mbali juu ya mwamba ukiwaona akina mama wakitafuta chaza na pweza. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika 50. Ukishajua hilo hutanyeshewa na bahari. Na tafadhali vaa viatu vinavyofunika mguu. Matumbawe yanakata, kandambili waachie wenyeji.

Sasa siri yenyewe ya kutembea, ambayo hakuna shoga aliyeniambia: hamtazamani. Mezani mnatazamana, kitandani mnapeana mgongo, lakini njiani wote mnatazama mbele. Mtu anaweza kusema jambo zito akiwa anatazama mikorosho. Tena akinyamaza hapo katikati, ukimya wenyewe haumsuti mtu, mguu unaendelea. Jumamosi ya tatu mume wangu alisema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana, "Mimi siku ile hospitali nilitoka nje kwa sababu nilikuwa nalia, sio kwa sababu ya simu." Miezi mitatu nilikuwa nimeibeba ile simu moyoni. Sikujibu kitu. Tulinunua ming'oko ya kuchemsha kwa mama mmoja pembeni mwa barabara, tukala tukitembea.

Bibi mzima anajifunza baiskeli

Agosti akaja na wazo la baiskeli. Yeye kwao Masasi alikuwa anaendesha Foniksi kwenda shule akiwa hafikii tandiko, mguu mmoja umepita katikati ya bomba. Mimi baba yangu alikuwa na msimamo: mtoto wa kike haendeshi baiskeli. Sababu hakuwahi kutoa, na sisi hatukuwahi kuuliza. Kwa hiyo hapa niko na miaka 31, naendesha gari, nasaini mikopo ya watu, baiskeli sijui.

Tulinunua mbili za mtumba zenye gia, moja ya kike isiyo na bomba la katikati. Fundi akakaza spoku, akabadilisha tyubu, akatupa na ushauri wa bure kwamba breki ya mbele ya ghafla itanilaza chali. Tulikuwa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi ili watu wasinione. Wapi! Shangani saa kumi na mbili iko macho. Walinzi wanatoka zamu, watoto wanakwenda madrasa. Mume wangu anakimbia nyuma ameshika keria, mimi napiga kelele "Usiachie!", naye alikuwa ameshaachia zamani. Walinzi wakashangilia, "Hongera njomba!" Hongera akapewa yeye, si mimi. Nilianguka mara nne wiki ya kwanza. Mara ya nne nilichubuka goti vibaya, nikakaa chini barabarani nikalia, na wote wawili tulijua silii goti. Alikaa pembeni yangu palepale kwenye lami mpaka nilipomaliza.

Wanaume mnaosoma hapa, kumfundisha mkeo baiskeli si sawa na kumfundisha gari. Gari mtagombana. Baiskeli unalazimika kukimbia nyuma yake huku unahema, huna pumzi ya kumfokea.

Mikorosho ilikuwa inachanua. Harufu yake asubuhi ni tamu, nzito kidogo, inakaa kooni. Ila ukisikia mashine inavuma ndani ya shamba, jua wanapuliza salfa dhidi ya ubwiri. Jifunge kanga puani ukanyage pedali upite haraka. Septemba tulipakia baiskeli kwenye pikapu ya rafiki tukaenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, lipeni bila kunung'unika. Baiskeli zilitusaidia kiasi tu, maana mchanga wa huko ni laini, tulizisukuma kuliko kuziendesha. Lakini ule ufukwe, minazi na mivinje, halafu kwa mbali mgongo mweusi na moshi wa maji ukiruka: nyangumi. Hupita pwani hii kati ya Julai na Novemba na watoto wao. Nilimwona mmoja mkubwa na mmoja mdogo ubavuni. Mume wangu alinishika mkono kabla sijautafuta wa kwake. Huko kwenye mdomo wa mto kwenyewe msiende kichwakichwa, kuna mamba na viboko, na upande wa pili ni Cabo Delgado, ambako vurugu zilianza 2017. Ulizeni serikali ya kijiji kwanza.

Kwa nini tulikuwa tunageuzia njiani?

Oktoba nilikuwa nimeiva. Mikindani naifika bila kushuka. Lakini nikagundua kitu. Kila tukikaribia zile nyumba za kwanza za Mikindani, mume wangu alikuwa anapunguza mwendo, anatazama saa. "Tugeuze, jua litakuwa kali." Mara ya kwanza sawa. Mara ya tatu nikaanza kufikiri vibaya, na wewe msomaji unajua nilifikiri nini. Mwanamke. Mwanaume wa kusini, amerudi kwao, msimu wa korosho hela zinaingia, kasheshe za ndoa huku msimu huo kila mtu anazijua. Nikasema leo sigeuzi. Nikakanyaga nikampita.

Alinifuata akiita. Nikasimama mbele ya boma la Wajerumani, lile jeupe la mwaka 1895 lililo juu ya mji, nikamwambia kwa sauti ambayo nadhani ghuba nzima iliisikia, "Nani anakaa hapa?"

Alishuka kwenye baiskeli. Akaniambia kuna fundi seremala, mtaa wa nyuma. Mwezi wa Februari, wiki ya kwanza tu tulipofika, alikuwa amempa kazi ya kitanda cha mtoto, cha mninga, akalipa chote ili anishtue nacho siku ya kujifungua. Fundi alimpigia mwezi wa Aprili kwamba kiko tayari. Hakujibu. Akawa hapokei tena namba ile. Miezi sita mtu mzima anakwepa mji mzima kwa ajili ya kitanda.

Mikindani ni mji wa kutembea polepole: milango ya nakshi, magofu ya matumbawe, ghuba ya mviringo kama bakuli. Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Siku hiyo sikuona chochote. Tuliburuta baiskeli hadi kwa fundi. Kitanda kilikuwa kwenye banda, kimefunikwa gunia, juu yake kimewekwa kopo la gundi na kuku mmoja. Kilikuwa kizuri, nguzo zake za duara. Niliweka mkono nikauondoa.

"Hela mlishalipa, kitu ni chenu," fundi alisema. "Mimi kinanijazia banda tu."

Tukamwomba akiweke kidogo. Kwenye keria kisingekaa, na nyumbani bado kisingekaa vilevile. Akatazama mimi, akatazama yeye, akasema haya. Mkewe akatuletea maji na mabibo kwenye sahani. Tulirudi tukiwa na kusi la mwisho mwisho usoni, polepole, tukiongea njia nzima. Kama ni jina, tulishalichagua muda mrefu kila mmoja kivyake, kumbe lilikuwa lilelile. Hilo jina sitaliandika.

(Tahadhari kwa wenye baiskeli: kuanzia Oktoba barabara ya Mikindani inajaa malori ya korosho yanayoelekea maghalani na bandarini. Toka mapema, vaa kitu kinachong'aa, na ukisikia honi ndefu shuka kabisa uingie kwenye majani. Ujiko wa kubishana na lori haupo.)

Skii ya Msangamkuu

Desemba mvua zinaanza na upepo unageuka kaskazi. Joto, unyevu, maembe kila kona. Wengi hukunja mambo yao hapa wakarudi kwenye viyoyozi. Sisi tulibadilisha namna: baiskeli zinabaki siku za tope, tunatembea kwa miguu baada ya mvua kukatika, ardhi ikiwa inanuka vizuri, au tunavuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, ile rasi ya upande wa pili. Upana wa maji ni mdogo, mnavuka mkiwa bado hamjamaliza karanga zenu.

Huko ndiko tulikoona skii ya Mtwara. Watoto walikuwa wamechukua makarara ya minazi, wanapanda juu ya mchanga ulioinuka, mmoja anakaa, wengine wanasukuma, anateleza hadi majini. Mume wangu, mhasibu mzima, aliomba zamu. Karara likapasuka katikati ya safari akamalizia kwa suruali. Wale watoto walicheka wakagaagaa. Nami nilicheka, na nikiwa nacheka nikashtuka kujisikia, maana sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Machi.

Tulipomsimulia Babu Dereva, alisema hata Wafini walikuwa wanaanguka.

Mei

Mwezi wa tano mwaka 2024 kilikuja kimbunga Hidaya. Mume wangu alikuwa Dar kikazi. Jumamosi ya tarehe 4 bahari ilichafuka, tukaambiwa vyombo visitoke, nikafunga madirisha nikakaa na Babu Dereva na mkewe wakinisimulia habari za dhoruba za zamani. Kisha ikaja taarifa kwamba mafuriko yamekata barabara pale Somanga, Kilwa, na mabasi yamekwama pande zote. Kusini tukawa kisiwa, kama enzi zile za pole. Nilimpigia kila jioni. Tuliongea saa nzima nzima, tena mambo ya kipuuzi tu. Mwaka mmoja nyuma tungemaliza kwa "Luku imebaki ngapi".

Jumamosi iliyofuata hakuwa amerudi, na jua lilikuwa limetoka. Fundi wa Mikindani akapiga simu. "Mama, banda langu limevuja. Njoo uchukue kitanda chako, nisije nikalaumiwa."

Nilikwenda peke yangu. Kilomita 11, barabara ina matawi na mchanga uliosombwa, nikashuka mara mbili kuibeba baiskeli. Nilimlipa kijana wa bajaji, tukakifunga kitanda juu kwa kamba za katani, yeye akatangulia taratibu na taa za hatari zinawaka, mimi nyuma nakanyaga. Watu wa Mikindani walitoka milangoni kutazama. Mama mmoja akanipigia vigelegele, sikujua nimjibu nini, nikapiga kengele.

Aliporudi alikikuta kwenye chumba cha pili, chini ya dirisha. Alisimama mlangoni muda kidogo. Halafu akavua begi, akachukua pampu iliyokuwa sakafuni akaiweka ndani ya kitanda, akaweka na tyubu za akiba, na ile kofia yangu ya baiskeli. Mpaka leo vimo humo, tukisema vitatoka siku vikihitajika kutoka.

Sasa hivi kusi limerudi. Jumamosi hii mwezi ni mpevu, maji yanatoka saa nne na robo. Breki yangu ya nyuma inalia kama mbuzi, nimempeleka fundi aitazame, amesema njoo kesho.